Mkono wa mtoto hupimwa, mguu wake unangoja nini?

Katika makambi ya wakimbizi wa ndani na kwenye vituo vya afya vya Kivu zote mbili, hakuna mama asiyeujua utepe wa rangi tatu. Reko anafika asubuhi, anauzungusha kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko, kisha anasoma. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, na mtoto anapelekwa haraka kwenye lishe ya matibabu. Kati ya 115 na 125 ni manjano. Kuanzia 125 ni kijani, mama anavuta pumzi, na zamu inakwenda kwa mwingine. Ni kazi ya dakika moja, nayo imeokoa watoto wengi sana katika nchi hii.

Lakini reko huyohuyo akiulizwa juu ya kaka wa yule mtoto, mvulana wa miaka saba aliyesimama pembeni na bidoni mkononi, hana la kujibu. Utepe ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Aliyepita hapo hapimwi tena kitu mpaka siku atakapoanguka. Na hata yule mdogo, mkono wake unaeleza habari ya chakula tu. Hauelezi kama miguu inamsukuma vizuri anapopanda kilima, kama yote miwili inalingana, kama ina nguvu ileile ya mwezi uliopita.

Jambo linaloombwa hapa ni rahisi kulisema, ingawa wengi wataliona la ajabu: nguvu za miguu zipimwe kwa watoto wenye afya, wale wanaokimbia na kucheza mpira wa makaratasi, kabla hajaugua hata mmoja wao. Wapimwe shuleni, kambini na katika mitaa inayopokea wahamaji, na matokeo yaandikwe.

Swali la kwanza la mzazi linajulikana. Kwa nini kumpima mtu asiyeumwa, wakati wagonjwa wenyewe wanakosa dawa? Jibu linaonekana kila siku katika chumba cha muuguzi. Mama analeta mtoto wa miaka sita na kusema miguu yake haina nguvu. Muuguzi anatazama: mtoto anasimama, anatembea, ingawa polepole. Je, ndivyo alivyo tangu mwanzo? Amechoka na safari ya siku tatu kwa mguu kutoka kijijini? Ni njaa? Ni malaria ya juzi? Au kuna jambo limeanza kwenye mishipa ya fahamu wiki hii hii? Kama muuguzi hajui mtoto wa miaka sita wa hapa, asiye na ugonjwa, anaruka umbali gani na anainuka mara ngapi kutoka kwenye benchi, basi anakisia tu. Akikisia vibaya, mtoto anarudi nyumbani na vidonge vya paracetamol. Huko nyumbani majirani wana jibu tayari: amerogwa. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, au kwa mganga anayechanja magoti kwa wembe, na siku zinapita.

Na siku zina hesabu yake. Kwa polio hesabu hiyo ni 14. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla anapaswa kutangazwa kwa zoni ya afya, na choo chake kichukuliwe mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 angalau, ndani ya siku 14 tangu udhaifu uanze. Baada ya hapo virusi vinazidi kupungua kwenye choo na maabara inaweza kuvikosa. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Congo alionekana mwaka 2011. Lakini aina nyingine, ile inayotokana na virusi dhaifu vya chanjo vinapozunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa, haijaisha. Mwaka 2022 na 2023, Tanganyika, Haut-Lomami, Kivu Kusini na Maniema zilikuwa kati ya sehemu zilizosumbuliwa zaidi duniani. Isieleweke vibaya: pale ambapo watoto wote wamepata matone, virusi hivyo havipati njia. Wanaovipa njia ni wale waliokosa chanjo, na familia inayokimbia kutoka groupement moja hadi nyingine hukosa zamu yake kirahisi sana.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wachache wameelezwa. Kati ya watu karibu 200 wanaoingiwa na virusi vya polio, ni mmoja tu anayelemaa. Mguu mmoja uliolegea katika bloku moja ya kambi ni habari ya watoto wengi wengine wanaobeba virusi bila dalili. Ukichelewa kuonekana, kambi nzima inachelewa.

Ugonjwa wa pili hauzungumzwi sana mashariki, labda kwa sababu jina lake linatoka upande mwingine wa nchi. Konzo ni neno la Kiyaka, la Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza kwa maandishi mwaka 1938 kutoka huko. Mtoto aliyekuwa akikimbia jana anaamka miguu imekakamaa. Mara nyingi ni jambo la siku moja, na halizidi wiki. Kisha hali inasimama hapo hapo: haizidi kuwa mbaya, wala haiponi. Wengine wanatembea bila fimbo ila kwa ncha za vidole, magoti yakipishana kama mkasi; wengine wanahitaji fimbo moja au mbili; wengine hawatembei tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliopita miaka mitatu na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Mtoto anayenyonya bado, ni nadra kumkuta nao.

Chanzo chake kiko jikoni. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kila mama wa Kivu alifundishwa na mama yake namna ya kuitoa: kuloweka siku tatu au zaidi, kuanika vizuri, ndipo kusaga. Vita havingoji siku tatu. Watu wanang'oa muhogo usiku kwa hofu ya kuibiwa, wanauloweka usiku mmoja, wanauanika juu ya mawe kando ya barabara na kuula. Mwili una njia yake ya kuivunja sumu hiyo, lakini unahitaji protini yenye salfa ndani yake, kama ile ya samaki, nyama na mayai. Nyumba inayokula bugali na sombe kila siku, bila sambaza, bila hata maharage, inauacha mwili bila silaha. Ndiyo sababu konzo hufuata njaa, ukame na ukimbizi. Wasiodhani kwamba unaweza kufika huku wajue umeshafika: mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za konzo huko Burhinyi, katika territoire ya Mwenga, Kivu Kusini, wakaihusisha na hali ya vita.

Hapa ndipo watoto wasioumwa wanapoingia. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Kahemba, kule Kwango. Watafiti hawakuwapima walemavu peke yao. Waliwapima pia watoto wa kijiji hichohicho waliokuwa wakitembea vizuri, ambao kila mtu aliwahesabu kuwa wazima, na wakawalinganisha na watoto wa kijiji kisicho na konzo. Wale waliohesabiwa kuwa wazima walikuwa nyuma ya wenzao wa kijiji cha pili katika baadhi ya majaribio ya akili na ya viungo. Maana yake ni nzito kwa mzazi yeyote anayekula muhogo huohuo: kabla ya mtoto mmoja kuanguka, wengine kumi wanaweza kuwa wamepunguziwa kitu bila mtu kukiona. Kisichopimwa hakina atakayekiona.

Kwa sababu wengine watauliza nini cha kufanya na unga uliokwisha kusagwa, na swali hilo halifai kungoja: unga ukorogwe na maji kidogo, utandazwe kwenye mkeka kwa tabaka jembamba, uachwe saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu upikwe siku hiyohiyo. Sumu inapaa hewani. Njia hiyo ilitengenezwa na Howard Bradbury wa Australia, na akina mama wa vijiji vya magharibi mwa Congo wamefundishwa kuitumia. Haihitaji mradi wala dola.

Ya tatu ni ya kuudhi zaidi, kwa sababu inatoka mkononi mwa mtu anayetaka kuponya. Mtoto ana homa, anapelekwa kwenye duka la dawa la mtaani au kwenye kituo kisicho na muuguzi aliyesoma, anachomwa sindano ya kinini kwenye makalio. Ndani ya makalio unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka kwenye unyayo. Sindano ikiugusa, au dawa ikimwagika karibu yake, mguu unalegea siku hiyohiyo na unyayo unaning'inia. Mzazi anasema polio, jirani anasema uchawi, na aliyechoma sindano anasema ni malaria imeshuka miguuni. Mtoto mdogo akilazimika kuchomwa kwenye misuli, achomwe kwenye paja, upande wa mbele na nje. Na kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani linapendekeza artesunate badala ya kinini tangu mwaka 2011, baada ya uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Congo ikiwemo.

Polio hulegeza, mara nyingi mguu mmoja kuliko mwingine. Konzo hukakamaza yote miwili kwa usawa. Sindano hulegeza upande uliochomwa tu. Muuguzi anayezijua tofauti hizo tatu, na mwenye karatasi inayoonyesha mtoto alivyokuwa miezi minne iliyopita, anaweza kuchagua njia siku ya kwanza. Asiye na karatasi anangoja.

Kupima kwenyewe si kazi ya mashine. Katika hospitali kubwa za Ulaya wana chombo kidogo cha mkononi kinachobanwa kwenye mguu wa mtoto, mtoto anasukuma, na namba inatoka katika nyutoni. Kizuri, lakini bei yake inahesabiwa kwa mamia ya dola, na betri ikiisha kambini kinageuka jiwe. Madaktari pia wana njia ya mikono mitupu, yenye alama kutoka 0 hadi 5: sifuri misuli haistuki kabisa, tatu mtoto anainua mguu dhidi ya uzito wake mwenyewe, tano anashinda mkono wa mpimaji kama kawaida. Njia hiyo inafaa kwa aliyelemaa. Kwa mtoto mwenye afya haifai sana, kwa kuwa karibu wote wanapata tano: mwenye nguvu nyingi na aliyepungukiwa robo ya nguvu zake wanaandikwa namba moja.

Kilichobaki ni uwanja wa shule, benchi, saa ya simu na utepe wa fundi cherehani. Mtoto asimame nyuma ya mstari, aruke mbele kwa miguu yote miwili, na umbali upimwe kutoka mstari hadi kisigino kilichobaki nyuma. Mara tatu, iandikwe iliyo bora. Akae kwenye benchi, mikono imekunjwa kifuani, ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Aruke kwa mguu mmoja, kisha wa pili, na mpimaji ahesabu kila mguu peke yake. Atembee hatua kumi kwa ncha za vidole, halafu hatua kumi kwa visigino. Hilo la visigino lisidharauliwe, maana unyayo ulioanza kuning'inia baada ya sindano unajifichua hapo kabla ya mahali pengine popote. Mwisho akimbie mita ishirini, akija na kurudi. Kukakamaa kwa konzo nyepesi kunaweza kufichika katika kutembea, lakini katika kukimbia hakufichiki.

Mtoto wa chini ya miaka minne hataelewa maagizo hayo, na asilazimishwe. Kwake inatosha kutazama. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo, ulionyesha kwamba karibu watoto wote wenye afya wanatembea peke yao kabla ya miezi 18 kutimia. Aliyepita hapo aonwe na muuguzi. Na aliyekwisha kuanza kutembea akalishwe chini, aitwe ainuke. Akiinuka kwa kujishika miguu yake mwenyewe na kupanda kwa mikono, kifundo, goti, paja, kama mtu anayepanda mti, basi misuli ya nyonga ni dhaifu. William Gowers wa London aliieleza dalili hiyo mwaka 1879, na mpaka leo haijapitwa na wakati, wala haigharimu kitu.

Kwa anayetaka namba ya nguvu yenyewe, kipo chombo katika karibu kila kituo cha afya: mizani ya kuning'iniza, ile ya kilo 25 inayopima watoto wachanga. Ifungwe kwenye nguzo imara nyuma ya meza. Mtoto akae juu ya meza, magoti yamekunjwa na miguu inaning'inia, kamba pana ifungwe vidole viwili juu ya kifundo cha mguu na kuunganishwa na ndoano ya mizani, naye aambiwe apige mbele polepole kwa nguvu zote. Kine wa hospitali anaweza kumfundisha muuguzi katika asubuhi moja. Kamba isibadilishwe mahali: ikisogezwa karibu na goti, mtoto yuleyule ataonekana ana nguvu zaidi kuliko alizo nazo, na kipimo cha mwezi ujao kitasema uongo. Wakubwa watavuka kilo 25, nao waachiwe kuruka.

Wasomi wasiicheke mizani hiyo. Mwaka 1916, huko Marekani, Robert Lovett na Ernest Martin walieleza namna ya kupima misuli ya watoto waliopigwa na polio kwa mizani ya springi, kipande cha kamba na mtu wa kusoma namba. Elimu ya kupima misuli ilizaliwa katika umaskini wa vyombo.

Namba za watoto wenye afya zipo kwingine. Uholanzi walizichapisha mwaka 2001, kutoka kwa watoto 270 wa miaka 4 hadi 16. Ni kazi safi, lakini kuileta Minova au Kalehe kama ilivyo kutaleta balaa. Mtoto wa Uholanzi ana uzito mwingine na urefu mwingine, na uzito na urefu huingia moja kwa moja katika nguvu za mguu. Mtoto wa Masisi naye hupanda milima na kubeba lita kumi za maji kichwani kabla ya kwenda shule. Wa Goma anasukuma chukudu na kaka yake juu ya mawe ya volkano. Yupi atashinda katika jaribio lipi? Huenda wa hapa akashindwa kuruka mbali na bado akamwacha mwenzake kwenye mlima. Zikitumiwa namba za Ulaya, ama nusu ya darasa itaitwa dhaifu bila sababu, ama mtoto anayeumwa atafichwa na wastani usiomhusu. Wastani wa hapa unapaswa kutengenezwa na watoto wa hapa, na hilo haliwezekani bila kuwapima wale wasioumwa.

Sasa yale yanayoweza kuharibu mambo.

Njaa kwanza. Mtoto mwenye utepe mwekundu asirushwe, wala mwenye homa, wala aliyetoka kutembea siku nzima. Lakini njaa isigeuzwe kuwa sababu ya kutopima. Mtoto mmoja akishuka, ni habari yake na muuguzi. Darasa zima likishuka kwa pamoja kutoka muhula mmoja hadi mwingine, hiyo ni habari ya chakula cha mtaa mzima au ya muhogo wake, na mashirika ya kiutu yanayopenda kuomba takwimu yatakuwa yamepata moja ambayo hayakuilipia.

Kuaminiana nako si jambo dogo. Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, mtu yeyote mwenye karatasi na kalamu anayewaita watoto anatazamwa kwa jicho la pembeni, na wazazi wana haki. Kwa hiyo: hakuna damu, hakuna sindano, hakuna picha, na mzazi anayekataa asiulizwe mara mbili. Mama na baba wakaribishwe wasimame hapo hapo uwanjani. Chifu wa mtaa na rais wa kambi waelezwe mapema, kabla uvumi haujawatangulia.

Mtoto mwenye ulemavu anahitaji akili zaidi. Haifai aitwe mbele ya darasa aruke huku wote wanajua hawezi. Apimwe pembeni, na kine ikiwezekana, kwa kile anachoweza, kwa maana yeye pia ana haki ya kujua kama anapanda au anashuka. Na walimu wasiyageuze majaribio kuwa mashindano ya nani wa kwanza na nani wa mwisho. Watoto wenyewe watashindana, hilo halizuiliki. Mwalimu asisome majina kwa sauti tu.

Halafu kuna wale reko. Hawa ni wajitoleaji, wengi hawapati mshahara, na kila mradi unaofika unawapa daftari jipya. Kuwaongezea kazi hii bila kuwaongezea hata sabuni ni dhuluma, na haitadumu. Ndiyo sababu shule inafaa zaidi. Mwalimu ana watoto mbele yake tayari, anajua umri wao, na saa ya michezo ipo kwenye ratiba ingawa mara nyingi huliwa na somo lingine. Reko aitwe tu kwa watoto wasiosoma, ambao kambini ni wengi.

Wapo watakaosema kwamba kugundua bila kutibu ni kumtesa mzazi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haisimami hadi mwisho. Polio haina dawa, ila kuitangaza mapema kunaleta matone kwa wengine. Konzo haina dawa, ila kuijua kunabadilisha unga wa jirani kesho yake. Mguu uliojeruhiwa na sindano mara nyingi hurudisha nguvu, yote au sehemu, kine akianza mapema na unyayo ukishikiliwa usikauke ukiwa umening'inia. Kwa wanaobaki na ulemavu, Bukavu ina Heri Kwetu na Goma ina kituo cha Shirika la Umoja, vinavyojulikana tangu zamani kwa kazi hiyo. Anayefika huko na karatasi ya miezi iliyopita anaeleweka haraka kuliko anayefika na maneno matupu.

Karatasi hiyo isikae kambini. Makambi ya kando ya Goma yalipoondolewa mwaka 2025, watu waliondoka na magodoro na sufuria, na madaftari ya miradi yakabaki au yakapotea. Lakini akina mama wengi walitoka na karatasi za chanjo za watoto wao ndani ya kitenge. Mstari mmoja nyuma ya karatasi ileile unatosha: tarehe, umri, sentimita za kuruka, mara za kuinuka, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, ndiyo au hapana kwa visigino. Familia ikihamia Kalehe, Kalemie au ikirudi kijijini, namba zinahama nayo.

Na kuhusu lini, majira yenyewe yanaonyesha. Konzo hupenda miezi ya ukavu, muhogo unapovunwa kwa wingi na vyakula vingine vinapopungua sokoni. Kivu hiyo ni Juni, Julai na Agosti. Kipimo cha kwanza kingefaa Mei, kabla watoto hawajafunga shule, na cha pili wiki ya pili ya Septemba, wakiisha kurudi. Darasa la watoto 50, wakiwa na mwalimu na wazazi wawili wa kusaidia, linamalizika kwa asubuhi mbili.